Haki na Uwanja wa Michezo

Ipo kauli iliyozoeleka kwamba michezo ni michezo, na haki za watu zina mahali pake pengine. Kauli hii ni tamu masikioni, lakini ikitiwa katika mizani haina uzito.

Na ipimwe kwa mambo ya mwaka 1976. Tarehe 16 Juni watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Majuma mawili baadaye timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikicheza katika nchi hiyo hiyo ya Afrika ya Kusini. Nchi za Afrika zilidai New Zealand itolewe katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Wakuu wa michezo wakajibu kuwa raga haikuwa miongoni mwa michezo yao. Tanzania, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20, ikakaa kando.

Msimamo ule ulikuwa na gharama. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, mjini Christchurch, katika New Zealand yenyewe. Aliyemfuata siku ile, John Walker, ndiye aliyevikwa nishani ya dhahabu Montreal. Kwa hiyo wako wasemao kwamba haki ya Bayi ilichinjwa kwa ajili ya siasa.

Neno lao lina nusu ya ukweli. Bayi alipoteza, na asiyekiri hasara hiyo hastahili kuusifu msimamo ule. Walakini siasa haikuletwa uwanjani na waliotoka. Waliikuta imekwisha keti. Utawala wa Makaburu ndio uliomwuliza mchezaji rangi yake kabla ya kumwuliza mbio zake. Udhuru wa raga nao ni dhaifu. Afrika ya Kusini ilikwisha fukuzwa katika Olimpiki mwaka 1970. Kucheza nayo raga kulikuwa ni kumpitisha uani mgeni aliyekataliwa barazani.

Afrika ya Kusini ilirudi katika Olimpiki mwaka 1992, ubaguzi ukiwa unaporomoka. Lakini deni moja limebaki nyumbani. Taifa lililomzuia mwanariadha wake bora kwa ajili ya wana wa wengine limejifunga ahadi kwa wana wake: kwamba hapana mtoto atakayeulizwa yeye ni nani kabla ya kuruhusiwa kucheza. Ahadi hiyo haipimwi katika viwanja vya Dar es Salaam vyenye taa. Hupimwa Mahege, wilayani Kibiti, na katika vijiji vingine vingi vilivyo mbali na taa hizo. Huko alasiri mvulana hukimbilia mpira, na dada yake hukabidhiwa ndoo. Hapana sheria inayomkataza binti huyo, mazoea yanatosha. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Haukusema mvulana peke yake.

Mpinzani atasema kwamba ndoo si risasi. Ni kweli, wala mwenye akili hatalinganisha maombolezo ya Soweto na uchovu wa kisima. Lakini swali la mlangoni ni lile lile: nani huingia uwanjani, na kwa sababu gani hukataliwa? Mwingine atasema kuwa watu wa bonde la Rufiji, waliopatwa na mafuriko makubwa mwaka 2024, wana shida zilizo kubwa kuliko mpira. Shida hizo ni za kweli, lakini hazimzuii mvulana kucheza. Zaonekana kuwa kubwa pale tu anapotajwa msichana.

Dawa yake haihitaji hazina ya serikali. Wazazi wagawe kazi ya nyumbani kwa watoto wote. Walimu wawape wasichana zamu yao ya mpira. Na halmashauri ya kijiji ilinde kiwanja kisigeuzwe viwanja vya kuuza. Mwaka 1976 mtu mmoja alidaiwa nishani ili wengine wasidharauliwe. Kijiji hakidaiwi nishani. Kinadaiwa sehemu ya alasiri, na ndugu wawili kuibeba ndoo kwa zamu.