Darubini ya Kuangalilia Mwezi Mwandamo



Wiki hii tunajibu suali tulilopelekewa na mzazi mmoja wa Msambweni. Mwanawe afanyaye kazi Maskati amepata kwa bei nafuu darubini ya bunduki, ile ambayo wawindaji huifunga juu ya mtutu ili waione shabaha jua linapokuchwa. Kijana ana nia ya kuileta nyumbani iwe waqfu wa msikiti, itumike kuangalilia mwezi mwandamo. Mzazi anauliza: Je, itafaa? Na kama haifai, inunuliwe ipi?

Suali hili ni jema, wala si dogo. Kila mwaka tunayaona yale yale: katika boma moja baba mkwe yumo katika saumu, na huku mkaza mwana anakaanga maandazi ya Idi. Watoto wanauliza ni nani mwenye haki, na wakubwa hawana jibu ila kunyamaza. Darubini peke yake haitaimaliza khitilafu hii, kwani sehemu yake ni ya kifiqhi. Lakini sehemu nyingine ni ya jicho, nayo hiyo ina dawa.

Kwanza tuizungumze bunduki. Nchini Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikatilia mkazo adhabu zake. Sisi wa Kwale tunaishi ubavuni mwa hifadhi ya Shimba Hills, makao ya palahala, mnyama asiyepatikana porini mahali pengine nchini mwetu. Mtu atakayesimama ukingoni mwa msitu ule jua likizama, ameshika darubini ya bunduki, atakuwa na maelezo mengi ya kuwapa askari wa wanyamapori. Na kijana atakayepita nayo uwanja wa ndege bila ya kuuliza kwanza kwa wenye mamlaka anajitafutia taabu isiyo na malipo. Muumini hujiepusha na mahali pa kutiliwa shaka, hata akiwa na nia safi.

Hata hivyo, elimu ya mwindaji si ya kutupwa. Yeye na mwangalizi wa mwezi hushughulika na saa ile ile, baina ya mchana na usiku, nao wenye kazi hiyo wameipima kwa hesabu. Kila darubini huandikwa nambari mbili, kama 8x56. Ya kwanza ni mara ngapi inakikuza kitu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukiigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la nuru linaloingia jichoni. Katika 8x56 ni milimita 7. Msomaji anaweza kuliona duara hili mwenyewe: na aishike darubini kwa mkono ulionyooka, aielekeze kwenye mbingu nyeupe, mbali na jua, ataliona liking'aa katikati ya kioo cha nyuma.

Wajerumani wanaovizia nguruwe mwitu usiku wameipenda sana 8x56 kwa sababu mboni ya jicho la kijana hufunguka gizani kiasi cha milimita 7. Lakini mboni hupungua nguvu ya kufunguka kadiri umri unavyokwenda. Kwa wengi wetu tuliopita miaka 50 haizidi sana milimita 5, na nuru iliyobaki humwagika pembeni bure. Mzee aliyenunua kioo kipana kupita mboni yake ni kama aliyetega ndoo kubwa chini ya bomba dogo.

Hapa ndipo njia ya mwindaji na yetu zinapoachana. Mwindaji ana upungufu wa nuru: mnyama ni mweusi, na msitu ni mweusi. Sisi tuna wingi wa nuru: mwezi mwandamo ni uzi mwembamba uliotandikwa juu ya mbingu ambayo bado ina weupe wa jua, na weupe huo ndio unaouficha. Wakati huo hata mboni ya kijana huwa haijafunguka kufikia milimita 7. Tunachokihitaji ni kioo kinachoupambanua uzi na mbingu iliyo nyuma yake, si kinachozoa nuru nyingi.

Kwa hivyo darubini ya bunduki haitufai, mbali na habari ya sheria. Hutazamwa kwa jicho moja. Ndani yake mna mistari iliyopitana kwa ajili ya shabaha. Imeundwa ikae juu ya bunduki, jicho likiwa mbali nayo karibu sentimita 9, na kuishika mkononi bila ya kutetemeka ni kazi. Na upana wa mbingu inayouonyesha huwa chini ya nusu ya ule wa darubini ya macho mawili ya 7x50, ambayo huonyesha takriban digrii 7. Mwenye kutafuta uzi asioujua ulipo anahitaji dirisha, hatafuti kwa tundu la ufunguo.

Tunamshauri mzazi yule haya. Kwa msikiti, darubini ya macho mawili ya 10x50 pamoja na kigoda chake cha miguu mitatu, kwani ukuzaji wa mara 10 hutetemeka mikononi. Kwa nyumba, 8x42 yatosha, na hata mama au mtoto ataishika bila ya kuchoka. Zote mbili hutoa duara la nuru la milimita 5 hivi, kadiri ya mboni ya mtu mzima.

Pili, atazame dawa iliyopakwa juu ya vioo. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya nuru. Darubini yenye nyuso 10 zisizopakwa hupoteza thuluthi, na nuru hiyo hutapakaa ndani na kuzidi kuuficha mwezi. Kioo kilichopakwa vyema pande zote hurudisha mng'ao hafifu wa kijani au zambarau ukikigeuzageuza. Tatu, iwe imezibwa isiingie maji wala unyevu, kwa sababu hewa yetu ya pwani huotesha kuvu juu ya lenzi, na kuvu ikishashika haitoki. Isiwekwe kabatini pamoja na nguo zenye unyevu.

Kabla ya kioo kuna mahali. Diani, Ukunda na Msambweni zote zinaelekea bahari mashariki, na mwezi mwandamo huonekana magharibi, juu ya nchi kavu. Basi kwenda ufukweni na kuipa bahari uso ni kuupa mwezi kisogo. Vilima vya Shimba, ingawa vina zaidi ya mita 400, ukiwa Diani umbali wa kilomita kama 20 huziba takriban digrii 1 tu ya mbingu, nayo ni sawa na dakika 4 au 5 za kuzama kwa mwezi. Lakini mnazi wa mita 15 ulio hatua 100 mbele yako huziba digrii 8, zaidi ya nusu saa, na huenda mwezi wote ukapita nyuma ya makuti yake. Sakafu ya juu ya nyumba ya jirani ina faida kuliko darubini ya ghali iliyo chini ya minazi.

Halafu kuna wakati. Tunasisitiza kwa wazazi: darubini haielekezwi magharibi mpaka jua lizame lote, kwa maana kulitazama jua kwa kioo hicho mara moja tu huweza kulipofua jicho. Likishazama, utusitusi wetu ni mfupi. Mwingereza Bernard Yallop alikadiria mwaka 1997 kuwa wakati bora ni baada ya kupita sehemu 4 katika 9 za muda ulio kati ya kuchwa kwa jua na kuzama kwa mwezi. Ikiwa mwezi utazama dakika 36 baada ya jua, basi dakika ya 16 ndiyo ya kukaza macho. Wengi wetu wakati huo tumeshakata tamaa, au hatujatoka msikitini.

Na kioo kina mpaka wake. Mwezi huliacha jua kiasi cha digrii 12 kwa siku. Mfaransa André Danjon aliona katika karne iliyopita kwamba ukiwa haujatengana na jua kwa digrii 7 hivi, hilali haionekani. Mwaka 1990 Mmarekani Stephen James O'Meara aliuona kwa macho matupu mwezi wa saa 15 na dakika 32, na mwaka 2002 Muirani Mohsen Mirsaeed aliuona kwa darubini kubwa mwezi wa saa 11 na dakika 40. Hao ni mabingwa, na hizo ni rekodi. Anayetuambia kwamba ameuona kwa macho mwezi wa saa 5, tumheshimu, lakini tumuulize aliuona wapi, pembe zake zilielekea wapi, na nani alikuwa pamoja naye.

Je, kuonwa kwa kioo ni kuonwa kisheria? Wako wanavyuoni walioshikilia jicho tupu, na wengi wa zama zetu wamekubali kioo, kwa hoja kwamba hakiumbi kitu ila huonyesha kilichopo. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, shahidi mmoja muadilifu hutosha kuuingiza mwezi wa Ramadhani, na wawili huhitajika kwa Mfunguo Mosi. Neno lililobeba uzito hapo ni uadilifu. Darubini haimpi mtu uadilifu asiokuwa nao. Humwondolea mwenye nao shaka ya jicho, akasema nimeona au sikuona bila ya kubabaika mbele ya Kadhi.

Jambo la mwisho twawaomba wazee wa misikiti. Darubini ikifika, isifungiwe mpaka usiku wa Idi. Itolewe jioni ya tarehe 29 ya kila mwezi, Rajabu na Safari kama Shaabani. Vijana wa madrasa na dada zao wapandishwe sakafuni, wajue upande, wakati na sura ya hilali, na waandike daftarini kila walichokiona na kila wasichokiona. Mwenye kuutafuta mwezi mara 12 kwa mwaka ndiye tutakayemwamini usiku ambao nyumba zetu zinangoja neno lake.

Basi mzazi wetu amwambie mwanawe aiache darubini ya bunduki dukani, na kwa fedha ile ile atafute 10x50. Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa nia yake, na azikusanye nyumba zetu juu ya saumu moja na Idi moja. Amin. Wabillahi tawfiq.