Ua la dirishani halina sababu ya kung'olewa porini

Mmea ule unaoning'inia kutoka vyungu vya madirishani, majani yake yakiwa ya mviringo kama ushanga wa kijani, ni ndugu wa alizeti, ingawa ukiutazama utakataa. Wataalamu huuita Curio rowleyanus. Jenasi ya Curio ni ndogo, ina spishi 20 hivi, nazo asili yake ni kusini mwa Afrika. Huu wa ushanga hutambaa kwenye maeneo makavu ya Afrika Kusini, ukijibanza kwenye kivuli cha vichaka na mawe. Jani la mviringo hubeba maji mengi na kuliachia jua eneo dogo la kuyanyonya. Mstari angavu ulio ubavuni hupitisha mwanga hadi ndani. Mjerumani Hermann Jacobsen aliupa jina lake la kwanza la kisayansi mwaka 1968, na leo unauzwa karibu kila bara. Wakulima huuzalisha kwa njia rahisi mno: kata kipande cha shina, kilaze juu ya mchanga wenye unyevu kidogo, nacho kitatoa mizizi.

Ndiyo maana sioni utetezi wowote kwa biashara ya kuchimba porini mimea inayohifadhi maji kama huu. Tangu mwaka 2019 majangili wamevamia nyika za jimbo la Northern Cape, Afrika Kusini, wakibeba hasa vimea vya Conophytum, na pia Othonna, ambayo ni ya familia hiyohiyo ya alizeti. Wanaonunua kutoka kwao husema mmea wa kitalu hauna sura ya uzee. Ni kweli, hauna. Lakini makovu ya jua na ukame wa miaka mingi si pambo la kuagiza kwa posta, na mmea ulioyapata hukua polepole kuliko kasi ya anayeuchimba.

Pingamizi zito ni jingine: vipande vikizalishwa Uholanzi au Marekani, mwanakijiji wa kule Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, anapata nini? Kwa sasa, karibu hapati kitu, na Itifaki ya Nagoya ya 2010, inayohusu kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, ni vigumu kuitumia kwa mmea uliosafiri miongo mingi kabla yake. Hata hivyo jangili hamtajirishi mwanakijiji huyo. Humlipa kidogo amchimbie mimea na kumwachia kesi. Kinachoweza kumlipa ni kitalu chenye leseni kijijini kwake, kikiuza miche yenye hati ya asili. Kenya na Tanzania zingeanza mapema na Kleinia petraea, binamu wa Curio anayetambaa kwenye miamba yetu na ambaye tayari anauzwa ng'ambo kama ua la chungu.