Mipira Mia kwa Saa Moja: Je, Uga wa Mazoezi Hufunza Gofu?

Katika mji wa Tokyo, ambako ardhi ni ghali kupita kiasi, zimejengwa nyuga za mazoezi ya gofu zenye ghorofa mbili au tatu. Wachezaji husimama safu kwa safu, kila mmoja katika kizimba chake, wakipiga mipira kuelekea wavu mkubwa uliotundikwa kwenye milingoti mirefu. Mpira mmoja ukisha kupigwa, mtambo uliofichwa chini ya sakafu huinua mwingine, hata mpigaji hana haja ya kuinama. Wako wapenzi wa gofu nchini Japani ambao hukanyaga kiwanja chenyewe mara chache tu kwa mwaka, lakini hufika kwenye nyuga hizo kila juma. Afrika Mashariki haijafika huko, lakini klabu kadhaa zimetenga uga wa namna hiyo kando ya kiwanja, na mwenye kutaka kujifunza huelekezwa huko kwanza, anunue kikapu cha mipira, apige mpaka kiishe.

Mwenye uga huhesabu mipira, maana ndiyo aiuzayo. Ajabu ni kwamba mchezaji naye hujipima kwa hesabu iyo hiyo: apigaye mipira mia huamini kuwa amejifunza maradufu ya aliyepiga hamsini. Imani hiyo ina kosa, na kosa lenyewe halihusu gofu peke yake. Hulifanya mkufunzi wa upigaji taipu, hulifanya fundi afundishaye useremala, na yeyote yule apimaye mafunzo kwa wingi wa marudio. Ila katika gofu kosa hilo hufichuka upesi, kwa kuwa mchezo una mizani yake isiyopendelea mtu: idadi ya mapigo.

Yafaa kuanza na ardhi. Nyuga nyingi za mazoezi hutandikwa mikeka ya nailoni juu ya saruji. Sababu yaeleweka: majani hayawezi kustahimili mamia ya mapigo kila siku mahali pamoja, na mkeka hauhitaji maji wala mtu wa kuufyeka. Lakini mkeka husamehe kosa ambalo ardhi haisamehi. Mchezaji mchanga aghalabu hugusa chini kwanza, sentimita mbili tatu nyuma ya mpira. Kiwanjani fimbo yake huzama udongoni, ikapoteza kasi, na mpira huenda nusu ya safari yake au pungufu. Juu ya mkeka fimbo hiyo haizami. Huteleza, ikaufikia mpira ikiwa bado na kasi kubwa, na mpira hupaa vizuri. Mpigaji hutabasamu. Amelipwa kwa kosa lake, naye atalirudia mara tisini na tisa zilizobaki. Siku ya mashindano atauliza ustadi wake umekwenda wapi, kumbe haukuwapo. Isitoshe, saruji iliyo chini ya mkeka hurudisha kishindo mikononi, na viwiko vya wapigaji wa kila siku huweza kuumia.

Mpira nao si ule ule. Kanuni za gofu huagiza kuwa mpira usizidi gramu 45.93 kwa uzito wala usipungue milimita 42.67 kwa kipenyo, lakini kanuni za mashindano hazimfungi mwenye uga wa mazoezi. Yeye hununua mipira migumu, idumuyo, na mara nyingi ile iliyoundwa makusudi isiende mbali ili isivuke ua. Kisha huitumia mpaka vile vibonyeo vidogo vilivyo juu ya ngozi ya mpira vimelika. Vibonyeo hivyo havikuwekwa kwa pambo. Mpira upigwapo sawasawa huondoka ukizunguka kinyumenyume, mara elfu kadhaa kwa dakika. Mzunguko huo, ukisaidiwa na vibonyeo, huisukuma hewa kwenda chini, na hewa nayo huuinua mpira. Peter Guthrie Tait, profesa wa fizikia mjini Edinburgh, alilieleza jambo la mzunguko huo kwa kinaganaga katika miaka ya 1890. (Mwanawe Frederick alitwaa ubingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896 na tena 1898, na huenda fahari hiyo ilimzidi baba fahari ya milinganyo yake yote.) Basi mtu ajifunzaye umbali wa fimbo zake kwa mpira mgumu uliolika amejifunza umbali wa mpira ambao hatautumia kamwe katika mchezo. Hewa yenyewe ina neno lake pia. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Pigo liendalo mita 200 pwani huweza kuongeza mita kumi na ziada huko bara. Vibao vya umbali vilivyosimikwa ugani hunyamaza kuhusu hayo yote.

Hata hivyo mkeka waweza kung'olewa, na mipira mizee ikatupwa. Kasoro iliyo kubwa zaidi haimo katika vifaa.

Mchezaji wa kawaida amalizaye mashimo 18 kwa mapigo 90 hutumia saa nne hivi. Maana yake hupiga mara moja kwa kila dakika mbili na nusu au zaidi, na baina ya pigo na pigo hutembea, huutazama upepo, hukadiria umbali, huchagua fimbo moja miongoni mwa 14 alizoruhusiwa. Mpira aukuta mara mlimani, mara katika nyasi ndefu, mara mchangani. Pigo lililomharibikia hapewi nafasi ya kulirudia. Ugani hupiga mipira mia kwa saa, kwa fimbo ile ile, kutoka mahali pale pale, kuelekea upande ule ule, na pigo baya husahauliwa baada ya nusu dakika kwa jingine lililo bora. Kufikia mpira wa thelathini mwili umeshaizoea kazi na mpigaji hana tena haja ya kufikiri. Huko kutofikiri ndiko kumpako raha, na ndiko kupotezako fedha yake.

Sayansi ya ujifunzaji wa mwendo imekwisha kulichunguza jambo hili. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walichapisha nchini Marekani jaribio ambalo latosha kumtia shaka kila mpiga mipira mia. Watu walifundishwa mifuatano mitatu ya mwendo wa mkono: kushika mpira wa tenisi na kuangusha vibao vidogo kwa utaratibu uliowekwa, upesi iwezekanavyo. Kila mmoja alifanya hivyo mara 54. Kundi la kwanza lilimaliza marudio yote ya mfuatano mmoja ndipo likaanza mwingine. Kundi la pili lilichanganyiwa yote mitatu, leo huu, mara ule. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilikuwa jepesi zaidi, na mtazamaji yeyote angalisema kuwa ndilo lililofundishwa vema. Walipopimwa tena baada ya dakika kumi, na tena baada ya siku kumi, mambo yaligeuka. Waliochanganyiwa ndio waliokuwa hodari, na tofauti ilikuwa kubwa hasa pale mtihani wenyewe ulipokuwa wa kuchanganya. Na mchezo wa gofu, kwa maumbile yake, ni mtihani wa kuchanganya tangu shimo la kwanza hadi la mwisho.

Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth walikuwa wamewapa watoto wa umri wa miaka minane kazi ya kurusha vifuko vya maharage kwenye shabaha. Baadhi walijizoeza kwa umbali wa futi 3 peke yake; wengine kwa futi 2 na futi 4, wasiguse 3 kabisa. Wote walipopimwa kwa futi 3, wale wasiowahi kurusha kutoka hapo waliwashinda waliokuwa wenyeji wa mahali hapo. Katika mwaka uo huo Alan Baddeley na D. J. A. Longman walitoa taarifa ya watumishi wa posta wa Uingereza waliofundishwa kupiga taipu. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliofanya saa mbili mara mbili kwa siku. Walakini hao waliofaidika zaidi kwa kila saa ndio walioridhika kidogo kuliko wote, kwa kuwa walijiona wakichukua siku nyingi mno.

Tokeo hilo la mwisho lastahili kutiliwa mkazo. Mwanafunzi aonavyo nafsini mwake, na alivyojifunza kweli, ni vitu viwili vinavyoweza kwenda njia mbalimbali. Uga wa mazoezi hustawi kwa kuuza cha kwanza.

Wako watakaojibu kuwa nyuga za siku hizi hazifanani na zile za zamani, kwa kuwa zina mitambo. Ni kweli. Tangu kampuni ya TrackMan ianzishwe nchini Denmark mwaka 2003, rada imeweza kumwambia mpigaji, mara tu baada ya pigo, kasi ya mpira, pembe yake na mzunguko wake. Mbele ya mtambo kama huo ule uongo wa vibao vya umbali hupungua sana, na mwalimu apataye vipimo hivyo hana budi kushukuru. Lakini hata dawa hii ina kipimo chake. Carolee Winstein na Richard Schmidt walionyesha mwaka 1990 kuwa watu walioelezwa tokeo la kila jaribio hawakuhifadhi ustadi sawasawa na wale walioelezwa nusu tu ya majaribio yao. Aambiwaye kila mara huacha kusikiliza mikono yake mwenyewe, na kiwanjani, wakati wa mashindano, hakuna wa kumwambia.

Pingamizi lenye uzito zaidi latoka penginepo. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua maelfu kwa maelfu ya mapigo ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani yaliyopimwa kati ya 2004 na 2012. Aligundua kuwa sehemu kubwa ya ubora wa walio bora, kadiri ya theluthi mbili, ilitokana na mapigo marefu: asilimia 28 kutokana na pigo la kuanzia na asilimia 40 kutokana na mapigo ya kuukaribia uwanda wa shimo. Usukumaji wa mpira kuingia shimoni, ambao wachezaji husema ndio uletao fedha, ulichangia asilimia 15 tu. Mapigo marefu hayawezi kujifunzwa uani mwa nyumba. Yahitaji nafasi, na nafasi iko ugani. Aidha, mtu atakaye kubadili mshiko wake au mwendo wa mabega hana budi kurudia jambo lile lile kwa utulivu kwa muda fulani. Kumchanganyia fimbo kumi siku hiyo ni kumwonea. Vijay Singh wa Fiji, aliyeushika uongozi wa dunia mwaka 2004, alijulikana kwa kukesha ugani, na hapana awezaye kusema kuwa alipoteza wakati wake. Lakini Singh alikuwa akicheza mashindano karibu kila juma. Yale aliyoyatengeneza ugani yalipelekwa mtihani baada ya siku chache. Mfanyakazi wa ofisini apigaye vikapu vinne kwa mwezi na kucheza mara mbili kwa mwaka amechukua nusu ya mfano wa Singh na kuiacha nusu ya pili.

Severiano Ballesteros alikwenda kinyume cha njia hiyo. Alikulia Pedreña, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Uhispania, akijifunza kwa fimbo moja ya chuma, namba tatu, juu ya mchanga wa ufuoni. Kwa fimbo hiyo moja ilimlazimu kubuni mapigo ya kila namna, ya juu na ya chini, marefu na mafupi, mchanga ukiwa mkavu au umelowa. Mwaka 1978 alishinda Mashindano ya Wazi ya Kenya, na mwaka uliofuata yale ya Uingereza. Haitakuwa haki kujenga nadharia juu ya mtu mmoja mwenye kipaji cha nadra. Wangapi walipiga mawe ufuoni na hawakusikika? Ila mazoezi yake yalikuwa na sifa ile ile waliyoikuta Shea na Morgan: hayakumruhusu kufanya jambo moja mara mbili mfululizo.

Jambo hili lina uzito kwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kwa sababu wako vijana, wengi wao makedi wabebao mifuko ya fimbo za wengine, ambao njia pekee ya kuinuka katika mchezo huu ni kujifunza kwa fedha kidogo. Klabu itakayo kuwasaidia huweza kushawishika kuagiza mikeka na mtambo kutoka ng'ambo. Kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo ingeweza kutenga ukanda wa majani halisi, ukahamishwa kila juma ili yale yaliyochimbwa yaote tena; ikaacha miteremko kama ilivyo badala ya kuisawazisha; ikachimba mtego mmoja wa mchanga; ikasimika shabaha tano sita za umbali uliopimwa kwa kamba, kwa mpira halali. Wakati wa kiangazi majani yatateseka, na hapo mkeka utafaa kwa majuma machache. Lakini mkeka uwe wa dharura.

Kisha kuna utaratibu wa matumizi, ambao haugharimu chochote. Kijana apewe mipira thelathini badala ya mia. Kila mpira uwe na shabaha yake na fimbo yake, na ile fimbo iliyotumika irudishwe mfukoni kabla ya kutoa nyingine. Akipiga vibaya asirudie. Aendelee na shabaha ifuatayo, kama kiwanjani. Mwenzake asimame kando akiandika mpira umeangukia wapi, asiseme neno mpaka mipira mitano imekwisha. Kazi hiyo huchukua muda wa saa moja na zaidi, huchosha akili kuliko mikono, na mipira mingi itakwenda ovyo. Watazamaji watadhani kuwa kijana hajui kucheza. Atahukumiwa baada ya siku kumi.