Kigoma yatoa nyota wa muziki, vifaa vya gitaa vyaagizwa ng'ambo

WAKATI wanamuziki wenye asili ya Kigoma wakiendelea kushika nafasi za juu katika muziki wa Tanzania, vifaa vinavyoubeba muziki huo vimeendelea kuagizwa kutoka nje ya nchi, huku ujuzi wa mafundi redio ambao ungeweza kutengeneza baadhi yake ukipotea taratibu.

Mfano ulio wazi ni pedali za gitaa. Hivi ni visanduku vidogo, aghalabu vya chuma, ambavyo mpiga gitaa huviweka sakafuni na kuvikanyaga kwa mguu ili kubadili sauti ya gitaa lake la umeme. Kimoja huikwaruza, kingine huipa nguvu, kingine huiongezea mwangwi.

Pedali ya kampuni kubwa kama Boss ya Japan huuzwa ng'ambo kwa takriban dola 100 za Marekani, na nyingine hupita hapo. Bado hapajahesabiwa nauli, ushuru wa forodha na Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18. Kwa mpiga gitaa wa bendi ya Ujiji au wa kwaya ya Mwanga mjini Kigoma, fedha hizo zinatosha kuanzisha biashara ndogo.

Hata hivyo, anayefungua kisanduku hicho hukuta vitu ambavyo fundi redio yeyote wa zamani anavifahamu. Swali linalostahili kujibiwa ni je, kazi hiyo inaweza kufanyika Kigoma? Kiufundi jibu ni ndiyo. Kiuchumi jibu linahitaji uangalifu zaidi.

Ubovu uliogeuzwa bidhaa

Historia ya pedali hizi inaanzia kwenye hitilafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mjini Nashville, Marekani, mtambo wa kurekodia uliharibika wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961. Gitaa la besi lilisikika likikwaruza, na wahusika wakaamua kuiacha sauti hiyo ilivyo.

Mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaingiza sokoni, kwa jina la Maestro, kifaa cha kutoa mkwaruzo huo kwa makusudi. Miaka minne baadaye, mwaka 1966, kampuni ya Arbiter ya London ilitoa pedali ya mviringo iitwayo Fuzz Face, ambayo Jimi Hendrix aliipa umaarufu duniani.

Ndani ya Fuzz Face ya awali mlikuwa na transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vitufe 2 vya kuzungusha, vya aina ile ile inayoongeza na kupunguza sauti ya redio. Jumla ni vipande 11, ukiacha swichi, matundu ya kuchomekea waya na betri ya volti 9.

Namna inavyofanya kazi nayo ni rahisi kuelezeka. Wimbi la umeme linalotoka kwenye gitaa ni dogo, kwa kawaida chini ya volti moja. Transista hulikuza mpaka lifike ukomo wa umeme uliopo kwenye betri. Hapo vilele vya wimbi hukatwa, na sikio husikia mkwaruzo.

Kinshasa walifanya bila kusubiri

Wapo watakaosema kazi ya namna hiyo si ya mazingira yetu. Historia ya nchi jirani ya Kongo inapinga dai hilo.

Mjini Kinshasa, kikundi cha Konono N°1, kilichoanzishwa na marehemu Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960, kilihitaji kuifanya likembe, ala ndogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, isikike katikati ya kelele za jiji. Kwa kukosa vifaa vya dukani, wanamuziki hao walitengeneza vinasa sauti kwa mbao, waya wa shaba na sumaku zilizotolewa kwenye vipuri chakavu vya magari.

Vinasa sauti hivyo vilikwaruza. Kikundi kikaukubali mkwaruzo huo na kuufanya sehemu ya muziki wake. Albamu yao ya Congotronics, iliyotoka mwaka 2004, iliwafikisha kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani, na kilichowavutia wasikilizaji wa huko kilikuwa ni sauti ile ile iliyozaliwa na uhaba wa vifaa.

Kinshasa iko mbali na Ziwa Tanganyika, lakini muziki wa Kongo haujawahi kuwa mgeni upande huu wa ziwa. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili. Orchestra Maquis ilitoka Kongo na kuweka makao Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliwasili Dar es Salaam mwaka 1978 na kubaki nchini hadi kifo chake mwaka 2010.

Pamoja nao yalikuja magitaa na mitindo ya upigaji. Lakini utamaduni wa kujitengenezea vifaa haukushika mizizi kwa kiwango hicho hicho, na sababu yake inaeleweka. Baada ya uhuru, bendi nyingi kubwa nchini zilimilikiwa na taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki aliyeajiriwa hakuwa na sababu kubwa ya kufungua kifaa ambacho si chake.

Karaoke iliyokufa ina mwangwi

Ikumbukwe pia kuwa si kila pedali inaufaa muziki wetu. Gitaa la solo katika muziki wa dansi hupendwa likiwa safi, kila noti ikisikika peke yake. Mkwaruzo wa Hendrix ungeharibu utamu huo. Kinachohitajika zaidi ni pedali ya kuongeza nguvu wakati wa solo, ambayo huweza kujengwa kwa transista moja, na pedali ya mwangwi.

Hapa ndipo habari njema ilipo kwa fundi wa Kigoma. Mashine nyingi za bei nafuu za karaoke huzalisha mwangwi kwa kutumia kipande kimoja kiitwacho PT2399, kilichobuniwa na kampuni ya Princeton Technology ya Taiwan. Kipande hicho hicho ndicho wajenzi wa pedali duniani wanachokitumia kutengeneza mwangwi wa gitaa. Kinahitaji volti 5 tu, na kinaweza kuichelewesha sauti kwa takriban theluthi moja ya sekunde.

Kwa maneno mengine, karaoke iliyoungua na kutupwa nyuma ya duka la fundi inaweza kuwa na moyo wa pedali ndani yake. Transista za silikoni kama BC548 nazo hupatikana kwenye saketi za redio na amplifaya chakavu.

Umeme wa kuendeshea kifaa hicho si tatizo. Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea mitambo ya dizeli ya TANESCO nje ya gridi ya taifa, hadi mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi hiyo mwaka 2022. Pedali ya mkwaruzo hutumia umeme kidogo mno, na asiye na betri ya volti 9 anaweza kupanga mfululizo betri 6 za tochi za volti 1.5 kila moja akapata volti hizo hizo.

Umaliziaji ndio mtihani

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye saketi peke yake. Uko kwenye umaliziaji, na hapo ndipo vifaa vingi vya kujitengenezea hushindwa baada ya maonyesho mawili au matatu.

Jambo la kwanza ni kisanduku. Saketi iliyofungwa kwenye boksi la plastiki hunasa mngurumo wa nyaya za umeme zilizo jirani. Chuma kilichounganishwa na ethi huuzuia. Visanduku vinavyopendwa zaidi na wajenzi wa pedali duniani ni vya alumini iliyosubiwa, kazi ambayo mafundi wetu wanaoyeyusha alumini chakavu na kusubu masufuria hawawezi kuiita ngeni. Kinachohitajika ni kielelezo kipya cha kutengenezea kalibu.

Pili ni mpangilio wa kazi. Matundu hutobolewa kwanza, kisha chuma hupigwa msasa na kusafishwa mafuta, hufuata rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe kwa matabaka membamba, kila tabaka likiachwa likauke. Maandishi huwekwa juu ya rangi na vanishi hufunika yote. Saketi huingia mwisho. Anayepaka rangi baada ya kufunga nyaya hujitafutia matatizo.

Kuna kosa moja dogo ambalo huwasumbua wengi. Rangi ikiingia mahali ambapo tundu la kuchomekea waya linagusana na kisanduku, ethi hukatika na mngurumo hurudi. Fundi makini hukwangua rangi ya ndani mahali hapo mpaka chuma kionekane.

Tatu ni hali ya hewa. Wapo wanaoshauri kutumia transista za zamani za jerimani kwa kuwa pedali za kwanza zilizitumia. Ushauri huo haufai mwambao wa ziwa. Jerimani huvujisha umeme zaidi joto linapopanda, na pedali iliyorekebishwa asubuhi yenye ubaridi huweza kubadilika sauti mchana wa jua kali. Silikoni huvumilia joto vizuri zaidi. Unyevu nao hula shaba, hivyo upande wa lehemu hauna budi kupakwa vanishi baada ya kukaguliwa.

Aidha, afya ya fundi isisahauliwe. Lehemu ya kawaida ina madini ya risasi, na moshi wa dawa yake hudhuru mapafu. Dirisha lililo wazi na mikono inayonawishwa kabla ya kula ni kinga isiyogharimu chochote.

Hesabu isiyopendeza

Pamoja na hayo yote, ni lazima kusema ukweli kuhusu fedha. Viwanda vya China sasa vinazalisha pedali zinazouzwa chini ya dola 40. Fundi wa Kigoma anayenunua kila kipande kipya kutoka Dar es Salaam, akijumlisha nauli, rangi na siku mbili za kazi, hana uhakika wa kushindana na bei hiyo. Swichi ya mguu iliyo imara na matundu mazuri ya kuchomekea waya mara nyingi hugharimu kuliko saketi nzima.

Kwa hiyo anayetetea kazi hii kwa hoja ya urahisi wa bei peke yake atashindwa. Hoja yenye nguvu ni ya matengenezo. Pedali nyingi za bei nafuu hujengwa kwa vipande vidogo kama punje ya mchele, vilivyobandikwa na mashine. Ikiharibika Ujiji, huishia jalalani. Iliyojengwa kwa mkono na vipande vikubwa hufunguliwa kwa bisibisi na kurekebishwa palepale, na anayeweza kuirekebisha anaweza pia kurekebisha amplifaya ya kanisa, spika ya msikiti na kipaza sauti cha shule.

Ujuzi huo ndio ulio hatarini. Fundi redio aliishi kwa redio zilizofunguka. Redio sasa imo ndani ya simu, na simu haimpi nafasi ya kujifunza saketi kama ilivyokuwa zamani. Mzee mwenye pasi ya kulehemu akifunga duka lake bila kuacha mwanafunzi, hakuna kozi ya intaneti itakayorudisha mikono yake.

Nini kifanyike

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu waliungana chini ya jina la Kigoma All Stars na kutoa wimbo "Leka Dutigite", kwa uratibu wa aliyekuwa Mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe. Ulikuwa ushahidi kwamba Kigoma inaweza kujipanga kimuziki inapoamua. Lakini mpango ule ulihusu sauti za waimbaji. Mafundi wanaovifanya vyombo vyao visikike hawakuwa sehemu ya mjadala.

Taasisi za kuanzia zipo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, liliundwa kwa ajili ya kazi za kiwango hiki. VETA inafundisha umeme na elektroniki, na pedali ya vipande 11 ni zoezi linalomfundisha mwanafunzi kuchora saketi, kulehemu, kutoboa chuma na kupaka rangi kwa wakati mmoja, kisha akabaki na bidhaa ya kuuza.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaotoa mikopo kwa wasanii, nao unapaswa kumtambua fundi wa vyombo kuwa sehemu ya sanaa. Na makanisa yenye kwaya za magitaa, ambayo ni miongoni mwa wateja wakubwa wa vyombo vya umeme, yanaweza kuanza kwa kuagiza pedali chache kwa fundi wa mtaani badala ya kusubiri mzigo wa Kariakoo.

Hakuna anayetarajia Kigoma ishindane na Japan. Kinachowezekana ni kuwa na mafundi wachache wenye bidhaa imara, iliyofungwa vizuri, isiyonguruma na yenye rangi isiyobanduka. Hatua hiyo inahitaji fedha kidogo kuliko inavyohitaji uamuzi, na uamuzi huo ufanywe wakati mafundi wa kufundisha bado wapo.