Tazama Mkia Kabla ya Kulipa

Mkulima wa Bahati au Subukia akitaka kununua mtamba, humzunguka mara tatu, akamtazama miguu na kiwele. Lakini akinunua vifaranga wa samaki hupokea mfuko wa maji, akalipa, akaenda zake.

Tilapia si samaki wa namna moja. Katika Ziwa Naivasha peke yake yumo wa Naili, aliyerudishwa humo mwaka 2011. Yumo wa madoa meupe, aliyeletwa mwaka 1956. Na yumo wa tumbo jekundu, ambaye hupenda kula majani ya majini. Anayefaa zaidi bwawani ni wa Naili, maana hukua upesi kuwapita wenzake.

Basi mtambueni kwa mkia. Mimineni wachache katika beseni jeupe. Pezi la mkia wa tilapia wa Naili lina mistari myembamba iliyosimama, imepangwa sawasawa tangu shina hadi ncha. Wenzake hawana mpango huo. Mistari ya ubavuni isiwadanganye, kwani huja na kutoweka samaki akishtuka. Wekundu nao si hakika: hata dume wa Naili hupata wekundu wakati wa kuzaa. Kwa maoni yangu, muuzaji anayekataa beseni hastahili fedha zenu.

Wala msitie bwawani vifaranga waliovuliwa ziwani. Wa Naili na wa madoa huzaana, na alama za watoto wao huchanganyika hata macho ya mvuvi mzoefu yasitoshe. Nunueni mahali ambapo samaki wazazi wanatunzwa mbali na wengine. Afisa wa uvuvi ataweza kuwaelekeza.