Mboga za Ghorofani

Tungule, vitunguu maji na mbatata nyingi zinazouzwa Darajani na Mwanakwerekwe huvuka bahari kutoka Bara. Bahari ikichafuka siku mbili, kikapu cha mama wa nyumbani hurudi chepesi. Wakati huohuo mashamba yaliyouzunguka mji wa Unguja yanageuka viwanja vya nyumba mbele ya macho yetu. Si ajabu, basi, kuwapo wanaoshauri kwamba mboga nazo zipandishwe ghorofani: zilimwe ndani ya majengo, rafu juu ya rafu, chini ya taa za umeme, bila ya udongo wala jua.

Shauri hilo lisidharauliwe. Lakini kabla ya mkataba wowote kutiwa saini, wakubwa wetu wakitazame kisiwa kilichotangulia. Singapore, inayoagiza kutoka nje zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake, ilitangaza mwaka 2019 kuwa ifikapo 2030 itajizalishia asilimia 30 ya mahitaji yake ya lishe. Fedha inazo na wataalamu inao; hata hivyo, Novemba 2025 lengo lile liliachwa, yakawekwa mengine ya mwaka 2035. Huko Marekani kampuni ya AeroFarms iliomba hifadhi ya sheria ya kufilisika mwaka 2023, na Bowery Farming ikafunga milango mwaka 2024. Gharama za kilimo hiki ni nzito mno: jua ambalo Mungu amelitoa bure hununuliwa kwa mita, kisha hununuliwa na baridi ya kuondoa joto la taa zilezile.

Umeme wa Unguja nao huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Nani amesahau mwaka 2008, tulipokaa gizani kiasi cha mwezi mzima, au ile miezi mitatu iliyoanza Desemba 2009? Mchicha wa taa usingaliivuka miezi hiyo. Na tuseme kweli, mchele haulimwi rafuni.

Kupanda kwenda juu, hata hivyo, hakuhitaji taa. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, tangu mwaka 2008 kaya nyingi zimeotesha sukumawiki na mchicha katika magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, na ubavuni hutobolewa matundu ya kuchomekea miche. Roshani za Michenzani na nyua za Ng'ambo zinaweza kuyabeba magunia kama hayo, na maji yaliyooshea mchele yakatosha kuanzia.

Tunaiomba Wizara ya Kilimo itoe miche kwa bei nafuu, na mabwana shamba wapangiwe mitaa ya mjini kama wanavyopangiwa shehia za shamba. Mabaraza ya Manispaa nayo yatoe ruhusa kwa maandishi, ili gunia la mjane lisije likamwagwa kwa jina la usafi. Na wakuu wa ardhi waipime na kuiwekea mipaka ardhi ya kilimo iliyosalia pembezoni mwa mji kabla ya masika yajayo, maana muhogo hautaota roshani.