KITAMBI SI CHEO

Ndugu wafanyakazi, hapa Njiru mtu akiota kitambi watu husema mambo yake yamenyooka. Sisi twasema kitambi si cheo, wala hakiongezi mshahara. Ni jambo la kupimwa.

Mafuta ya mwili si mamoja. Yale ya mapajani na matakoni hukaa chini ya ngozi kama akiba ghalani, na kwa kawaida hayaleti taabu kubwa. Yale ya ndani ya tumbo huzunguka matumbo na ini, nayo hayatulii: hutoa mafuta katika damu iendayo kwenye ini. Ini likijaa mafuta halitii tena insulini, ambayo kazi yake ni kupunguza sukari katika damu. Kongosho, tezi itoayo insulini hiyo, huongeza kazi kama mtu wa zamu mbili. Mwishowe huchoka, na sukari hupanda. Daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika juu ya tofauti ya mahali pa mafuta tangu mwaka 1947.

Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Mtu mwenye mikono na miguu myembamba aweza kubeba hatari kiunoni. Chukueni utepe wa fundi cherehani. Mwanamume akifika sentimita 94, au mwanamke asiye mjamzito 80, na aende kupimwa sukari. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Kenya, kama 88 hawakuwa wamepimwa sukari hata mara moja.

Wako wasemao huu ni ulafi. Twakataa. Dereva akaliaye kiti toka alfajiri hadi usiku katika Barabara ya Kangundo, na askari wa lango akeshaye kwa chai ya sukari na mkate, hawakujipangia saa hizo.

Tangu Oktoba 2024 twakatwa 2.75 kwa kila shilingi 100 za mshahara kwa Bima ya Afya ya Jamii. Basi twataka waajiri watupe nafasi ya kupimwa kiuno na sukari kila mwaka bila kukatwa siku, na mapumziko ya kunyosha miguu kwa wakaao kitako. Wajumbe walitie jambo hili katika mapatano yajayo.

Nasi tutimize letu: tutembee, tupunguze sukari. Mafuta ya tumboni huweza kupungua kwa mazoezi hata mizani isiposhuka.

Umoja ni nguvu, na nguvu yataka afya.